Fumbo la Neno Mgeni: Ulitunge kwa Maana, kwa Ngeli, kwa Umbo au kwa Asili?

Dafu, koroma, nazi, kifuu. Neno lipi halimo kundini?

Nilipolitunga fumbo hili sikuwa na wasiwasi nalo. Dafu, koroma na nazi ni tunda moja katika umri tofauti: la kunywa, la katikati, la kukuna. Kifuu ni gamba linalobaki mkononi nyama ya nazi ikishakunwa. Jibu ni kifuu, nikaona yamekwisha. Jioni moja nikawapa watoto wa majirani waliokuwa kibarazani kwangu na madaftari yao, na binti mmoja wa darasa la nne akachagua koroma. Nikamwambia amekosa. Hakubisha. Walipokuwa wanakusanya vitu vyao waondoke ndipo nikamuuliza kwa nini alichagua lile.

"Babu anakoroma," akasema. "Lakini hawezi kudafu wala kunazi."

Yeye alikuwa amepata, mimi ndiye niliyekosa. Koroma ni nomino na ni kitenzi. Mengine matatu ni nomino tu. Fumbo langu lilikuwa na majibu mawili halali, nami nikatia kosa kwenye daftari la mtoto aliyefikiri kuliko wenzake wote. Jambo hilo liliniuma. Tangu hapo, kabla sijatafuta maneno, hujiuliza kwanza: fumbo hili nalijenga juu ya nini?

Wengi wetu tunayatunga mafumbo haya bila kujiuliza hivyo. Yamo kwenye mitihani ya shule za msingi ("chagua neno lisilohusiana na mengine"), yamo kwenye kurasa za watoto magazetini, yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Kwa urahisi nitaliita neno linalotafutwa mgeni, na mengine nitayaita wenyeji. Ziko njia nne kubwa za kuwaunganisha wenyeji: maana yao, ngeli yao, umbo lao, yaani herufi na silabi zilivyopangwa, na asili yao, yaani lugha walikotoka. Kila njia nimeitumia kwa muda wa kutosha kuipenda na kuijua inapouma.

Tuzipime kwa nini

Kipimo cha kwanza ni jibu. Je, mfumbuaji makini anaweza kutetea neno jingine? Kasoro hiyo naiita ufa, na nyufa ziko za aina mbili. Upo ufa unaompeleka mtu kwenye neno lingine kwa sababu halali, kama yule binti na koroma. Upo pia ufa unaompeleka kwa mgeni yule yule bila kuigusa hila uliyoificha: anapata jibu, lakini fumbo halijui. Ufa wa kwanza unamdhulumu mtu, wa pili unamnyima raha.

Kipimo cha pili ni hadhira: mfumbuaji anatakiwa awe anajua nini, na je, anakijua akiwa Tabora kama anavyokijua akiwa Mombasa au Bujumbura? Cha tatu ni kazi ya mtungaji, muda na vitabu anavyohitaji. Cha nne nakiita kumbe, ile sauti inayomtoka mtu hila inapomfunukia. Fumbo lisilotoa kumbe ni swali la mtihani tu.

Jambo moja linahusu njia zote. Ukiweka maneno manne, anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne. Ukiweka matano, moja kati ya tano. Tofauti ni ndogo. Kinachozuia kubahatisha ni kuuliza "kwa nini?" kila mara, na kuipa sababu uzito sawa na jibu.

Kwa maana

Ujenzi. Unachagua kundi la vitu na kumwingiza asiyehusika. Kibua, nguru, tasi, pweza: watatu ni samaki, pweza siye. Tazama kwamba sikumtaja changu, ingawa ni samaki anayejulikana sana pwani. Changu pia ni "kitabu changu", na hapo ningerudi kwenye kosa la koroma.

Jibu. Hii ndiyo njia yenye nyufa nyingi kuliko zote, kwa sababu kila kitu duniani kina uhusiano na kila kingine ukikitazama kwa jicho fulani. Mpunga, mchele, wali, ugali: unadhani mgeni ni ugali, kwa kuwa matatu ya kwanza ni nafaka moja shambani, gunani na sahanini. Mwenzako atasema ni mpunga, kwa kuwa ndio pekee wenye maganda. Dawa ninayoijua ni kuwabana wenyeji: usitosheke na "vyakula" au "vyombo", tafuta uhusiano mwembamba unaoweza kuutaja kwa sentensi moja fupi ambayo haimhusu mgeni hata kidogo.

Hadhira. Watoto wadogo huanzia hapa, maana hakuna sarufi wala historia inayohitajika. Ila maana hubadilika njiani. Mjomba, shangazi, nyanya, kitunguu: Mkenya atajibu kitunguu bila kusita, kwani nyanya ni mama wa baba au mama. Mtanzania anayemwita huyo bibi ataona ndugu wawili na mboga mbili, na hatakuwa na jibu. Leso ya Mombasa hufungwa kiunoni, leso ya Dar es Salaam hukunjwa mfukoni. Ukitunga kwa maana, unatunga kwa mtaa fulani, hata kama hukukusudia.

Kazi. Ndogo. Dakika tano zinatosha, na huhitaji kamusi.

Kumbe. Kwa kawaida ni hafifu. Linapanda ghafla unapotumia neno lenye maana mbili kwa makusudi. Mbuzi, kinu, kifumbu, kondoo. Mtu anaona wanyama wawili na vyombo viwili, anakwama, kisha anakumbuka mbuzi ya kukunia nazi iliyoko chini ya meza jikoni, na kondoo anabaki peke yake. Hapo neno lile lile lililokuponyoka kwenye koroma linakufanyia kazi. Tofauti ni kwamba safari hii ulilijua tangu mwanzo. (Mwanafunzi aliyekulia kwenye nyumba ya tui la pakiti huenda asiijue mbuzi hiyo wala kifumbu, kile kichujio cha tui. Ni fumbo la watu waliokaa karibu na mnazi.)

Inamfaa anayetunga kwa ajili ya wadogo, au kwa watu wa sehemu moja wanaotumia maneno kwa maana zile zile.

Kwa ngeli

Ujenzi. Wenyeji wanafanana kwa jinsi wanavyobeba wingi au wanavyopatanishwa, na mgeni anafanana nao kwa sura tu. Jino, jicho, jiwe, jimbo. Yote yanaanza kwa ji-, yote yana silabi mbili. Yaweke kwenye wingi: meno, macho, mawe, majimbo. Matatu yameiacha ji- mlangoni, moja limeingia nayo. Fumbo kama hili haliwezi kutungwa kwa Kiingereza wala kwa Kiarabu, na hiyo ndiyo sababu naipenda njia hii.

Jibu. Ni imara ukiwa na kamusi, lakini lipo eneo moja la hatari: pale watu wanaposema tofauti na vitabu. Nilitaka kutumia jiko kama mwenyeji, maana wingi wake wa kamusini ni meko. Nikaenda sokoni nikasikia wauzaji wakinadi majiko ya mkaa na majiko ya gesi, nikaliondoa. Hatari ya pili ni maneno yenye ngeli mbili. Kiti, kikapu, kiboko, kisu: kiboko wa mtoni ni "huyu", anatoka kwenye kundi. Lakini kiboko cha kuchapia ni "hiki", na wapo watu wengi wanaokikumbuka hicho kuliko wanavyomkumbuka mnyama. Kifaru nacho ni vile vile, wa mbugani na wa jeshini.

Hadhira. Anayejua Kiswahili tangu utotoni anaweza kulifumbua kwa sikio bila kujua jina la ngeli yoyote. Mpe jaribio la "-angu": kiti changu, kisu changu, kilio changu, kiu yangu. Ulimi wenyewe unakataa "kiu changu". Lakini hapa nataka niwe mwangalifu. Upatanisho wa vitabuni sio unaosikika kila mtaa wa Nairobi au Lubumbashi, na mtu anayesema "kiti yangu" nyumbani kwake si mjinga. Amekua na Kiswahili cha kwao. Fumbo la ngeli mbele ya watu hao linageuka mtihani wa nani kasoma wapi, na mtu aliyekuja kucheza anaondoka ameaibika. Sijaona faida yake.

Kazi. Ya wastani. Hupati maneno kwa kukaa tu ukawaza. Fungua kamusi kwenye kiambishi kimoja, soma kurasa mbili, na orodha itajitokeza. Wingi wa maneno ya u- una utajiri wa pekee: ukuta na kuta, ugonjwa na magonjwa, ulimi na ndimi, uso na nyuso. Uma, kwa wingi, ni nyuma.

Kumbe. Ni la kimya, la mtu anayegundua kwamba alikuwa anajua kitu bila kujua kwamba anakijua. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza ukubwani kumbe hilo ni kubwa zaidi kuliko kwetu, maana kila fumbo linampa kanuni mkononi.

Inamfaa mwalimu, na kila anayefundisha Kiswahili kwa wageni.

Kwa umbo

Hapa maana haina kazi. Unachezea herufi na silabi, na mimi ndipo nilipotumia usiku mwingi, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Ujenzi. Hila ziko nyingi, nitataja tatu. Ya kwanza ni kinyume, mchezo wa zamani wa watoto wa pwani wa kupindua silabi ili wakubwa wasielewe. Wali, mate, kazi, mboga. Pindua: wali unakuwa liwa, mate yanakuwa tema, kazi inakuwa zika. Mboga inakuwa "gambo", ambalo si neno. Na angalia lugha inavyojichezea yenyewe: wali ndio unaoliwa, mate ndiyo unayoyatema. Hila ya pili ni neno linalosomeka vile vile mbele na nyuma, kama utu, ini, ada, aya. Ni nzuri lakini haidumu. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo neno la aina hii lazima lianze na irabu hiyo hiyo, na hisa yake inakwisha haraka. Ya tatu ni neno ndani ya neno. Mwalimu amebeba wali, msikiti una kiti, kabati lina bati, na kalamu na salamu zote mbili zimeificha Lamu.

Jibu. Kwa upande mmoja ni imara kuliko njia zote: ama herufi zipo au hazipo, hakuna ubishi wa maana. Kwa upande mwingine, wenyeji wako wanaendelea kuwa na maana, ngeli na asili hata kama wewe umeamua kuvisahau, na mfumbuaji hajui kwamba umevisahau. Nikuonyeshe fumbo moja nililoliandika mara tatu. Nilitaka wenyeji wenye tarakimu tumboni.

Nilianza na sababu, tatua, umoja, nanasi. Saba, tatu, moja. Nanasi linaanza kama nane kisha linakwepa. Nilijipongeza. Kisha mke wangu akajibu "nanasi" kabla sijamaliza kusoma, kwa sababu ni tunda. Alipata bila kuona tarakimu hata moja. Zaidi ya hayo tatua ni kitenzi pekee, na mtu mwingine angelichagua hilo kwa haki kabisa.

Mara ya pili: mkutano, umoja, msimamo, utatuzi. Yote ni nomino, yote ni maneno ya kikaoni, mawili ya m- na mawili ya u-. Tano, moja na tatu zimejificha, msimamo hauna kitu. Nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi nikahesabu silabi: umoja una tatu, mengine yana nne nne. Mtoto anayehesabu kwa vidole angenishika.

Mara ya tatu: mkutano, kimbilio, utatuzi, utetezi. Tano, mbili, tatu, na utetezi ndiye mgeni. Yote yana silabi nne. Mawili yanaishia na -o, mawili na -i. Yote yametokana na vitenzi: kutana, kimbilia, tatua, tetea. Kwa maana, kimbilio na utetezi wanakaa pamoja, mkutano na utatuzi pamoja, kwa hiyo upande huo haumpi mtu pa kushika. Lilinichukua siku tatu, na ni maneno manne tu.

Ninachojifunza hapo ni jambo ambalo ningependa kila mtungaji alijaribu: mgeni hufichwa na jozi. Kila mahali ambapo maneno manne yanaweza kugawanywa, hakikisha yanagawanyika mawili kwa mawili. Jozi haitoi mgeni. Neno moja likibaki peke yake kwa namna yoyote ambayo hukuikusudia, huo ndio ufa.

Hadhira. Ni pana. Mtu wa Zanzibar, wa Kisumu na wa Goma wote wanaona herufi zile zile. Mtoto anayejua kusoma anaweza kumshinda profesa. Ila neno ndani ya neno linataka maandishi. Ukilisoma kwa sauti redioni au mezani, masikio yanasikia "mkutano" tu. Kinyume kinakubali vyote viwili.

Kazi. Kubwa, kama ulivyoona. Daftari linasaidia: kila unapokutana na neno lililobeba jingine, liandike, na baada ya miezi michache una ghala.

Kumbe. Ndilo kubwa kuliko yote. Mtu akishaiona tano ndani ya mkutano, kila akipita kwenye tangazo la mkutano ataiona tena.

Inamfaa mwenye subira, na mwenye wasomaji wanaopenda kuumwa kichwa kidogo.

Kwa asili

Ujenzi. Wenyeji wameingia Kiswahili kwa mlango mmoja, mgeni kwa mwingine. Bendera, gereza, karata, kahawa. Matatu ni ya Wareno, waliofika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Walipoondoka waliacha bandeira, igreja na carta midomoni mwetu. Igreja kwao lilikuwa kanisa. Kwetu limekuwa mahali pa kufungia watu. Kahawa ni ya Kiarabu. Na maneno yamejipanga jozi jozi: bendera na gereza ni vitu vya dola, karata na kahawa ni vitu vya barazani jioni.

Jibu. Linategemea kamusi yenye maelezo ya asili, na usitunge bila hiyo. Masikio yanadanganya. Wengi wanadhani shule imetoka kwenye Kiingereza, kumbe ni Schule ya Wajerumani, kama vile hela ilivyotokana na sarafu yao ya Heller. Zanzibar, ambako Wajerumani hawakutawala, bado wanasema skuli. Lipo tatizo lingine: maneno husafiri. Kalamu tumeipata kwa Waarabu, na wao wana deni kwa Wagiriki. Basi uliza kila mara neno limeingia Kiswahili kutoka lugha gani. Ukiuliza lilizaliwa wapi huna mwisho.

Hadhira. Ni nyembamba, na haina usawa. Mswahili wa Muscat anaishi na Kiarabu kila siku, kahawa atairuka kama kizingiti. Mwanafunzi wa bara asiyejua Kiarabu wala Kireno hana pa kuanzia, na fumbo lisilo na pa kuanzia halina utamu. Liko fumbo moja la njia hii ninalompa mtu yeyote: mbili, nne, sita, nane. Namba shufwa tupu, hesabu haitakusaidia. Mgeni ni sita, neno la Kiarabu kati ya maneno ya Kibantu. Anayekosa historia ana mlango wa pili: watu wawili, watu wanne, watu wanane, lakini watu sita. Sarufi yenyewe inamkumbuka mgeni baada ya karne nyingi. Milango miwili, jibu moja, na kila mlango una kumbe lake. Mwanzoni nilikuwa nimeandika tatu, tano, saba, nane, nikitaka saba, hadi mtu aliponiambia nane ndiyo pekee inayogawanyika kwa mbili.

Kazi. Ya wastani kwenda juu. Kutafuta ni haraka, kuhakiki ndiko kunakochukua muda.

Kumbe. Huchelewa. Watu hawashtuki wanapojibu, wanashtuka unapowaeleza. Kwa hiyo fumbo la asili bila maelezo ya mistari mitatu chini yake limekatwa mguu.

Inamfaa anayewaandikia watu wazima wanaopenda historia, na mwenye nafasi ya kueleza jibu.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una dakika kumi na darasa la wadogo linakusubiri: tunga kwa maana, kwa vitu wanavyovigusa nyumbani. Soma kila neno kwa sauti ukijiuliza kama ni kitenzi pia, au kiwakilishi, au jina la kitu cha pili. Dakika mbili za hapo zitakuokoa.

Wanafunzi wako wamejifunza Kiswahili wakiwa watu wazima, wawe London au Kampala: ngeli ndiyo zawadi yao, na waache waimbe wingi kwa sauti kabla ya kujibu. Umbo liwe la pili; linawafundisha kuzitazama silabi. Asili waiache mpaka msamiati wao ujae.

Ni kundi la ukoo la WhatsApp, lenye shangazi aliyestaafu ualimu, vijana wa Nairobi na binamu aliyeko Ulaya: umbo. Hakuna anayeonewa. Tuma asubuhi, usitoe jibu mpaka usiku, na mtu akishindwa kabisa mdai mji kama kwenye vitendawili. Ukitaka kuwachokoza wazee pekee, wape mbuzi na kifumbu.

Ni shughuli ya watu wengi, harusi au sherehe, na fumbo litasomwa kwenye kipaza sauti: kinyume, au maana yenye neno la maana mbili. Neno ndani ya neno litapotea hewani.

Una ukurasa wa kila wiki wa kuujaza: usishike njia moja. Ukitumia ile ile wiki tatu mfululizo, wasomaji wataacha kufikiri na kuanza kutafuta hila yako. Changanya, lakini usiwatangazie wiki hii ni ya njia gani. Na kila fumbo lipite kwa watu wawili kabla ya kuchapwa, mmoja wa nchi yako na mmoja wa nchi jirani.

Wasomaji wako wanapenda historia ya pwani: asili, moja tu kwa toleo, na maelezo yawe marefu kuliko fumbo.

Ni mtihani wenye alama: chagua ngeli, au maana iliyobanwa sana, na acha mstari mtupu chini ya kila swali kwa ajili ya sababu. Msahihishaji ausome mstari huo kabla ya kushika kalamu nyekundu. Yule binti wa koroma nilimwomba alete tena daftari lake. Nikafuta kosa, nikaandika vema, na pembeni nikaandika sentensi yake neno kwa neno, babu na kukoroma kwake.